Kinu Nilichobeba Hadi Ruvuma

Nakumbuka siku moja ya vita vya Maji Maji, mwanangu, nikiwa msichana mwenye mikono ya nguvu na mdomo usiopumzika. Askari wa Mjerumani walikuwa wamechoma maghala yetu huku Songea, tukakimbilia mto Ruvuma ili tuvuke kwa Mreno. Wenzangu walibeba vyungu na watoto. Mimi nilibeba kinu. Kaka yangu ndiye aliyenichongea, na kwa kutwanga hakuna aliyenishinda; hilo nalisema hata leo.

Mtumbwi ulikuwa mmoja. Wazee walivushwa kwanza, sisi wengine tukajificha kwenye matete, kaka na wenzake wanane wakitulinda kwa mikuki na magobore mawili. Asubuhi shangazi akanimegea mahindi kidogo kutoka kapu la mwisho.

"Saga kwenye jiwe, taratibu. Mchi unasikika mbali."

"Kusaga ni kazi ya vikongwe, shangazi. Hapo tutakula kesho."

Kaka akacheka. "Mwache, huyo bila kelele hashibi."

Shangazi alipokwenda kupakia watoto mtumbwini, nikatwanga. Nilitwanga vizuri, nisikudanganye.

Sijamaliza, risasi zikapasua matete. Askari walikuwa wakipita njia ya juu, na wangepita zao. Mchi wangu ndio uliowageuza. Kaka alinisukuma mtumbwini, akarudi na wenzake kuwazuia, maji yakiwafika magotini. Tulikuwa tumenyunyiziwa dawa, eti risasi zigeuke maji. Hazikugeuka. Nilimwona akianguka, na kinu alichonichongea kikabaki ukingoni, unga ukiwa ndani.

Ng'ambo nilingoja shangazi anipige. Nilitaka anipige. Akanipa jiwe lake na mahindi yaliyobaki kapuni.

"Saga," akasema. "Watoto hawajala."

Nikasaga mpaka vidole vikachubuka. Hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa, na mimi sijaacha kuusikia mchi ule.

Sasa sikia, mwanangu, kabla hujaondoka. Anayekupenda akikwambia nyamaza, nyamaza kwanza, uulize baadaye. Ufundi wako hautaoza ukikaa kimya siku moja. Mimi nilitaka nisikike, nikasikika na watu nisiowataka.

Nenda salama. Mungu akupe mikono kama yangu, na akupe masikio niliyoyakosa mimi.