Pikapu Iliyosikika Kabla ya Kuonekana

Mume wangu alikuwa mtu wa sauti ya chini, wa kuombwa arudie alichosema, halafu akanunua pikapu na kuifanya ipige kelele kwa niaba yake. Mezani chumvi aliiomba nusu kwa mdomo, nusu kwa macho. Barabarani, mtaa wetu mzima wa Ndosho, hapa Goma, ulijua amerudi kabla hajafika kwenye kona.

Hamu hiyo ya kelele ilimwingia siku ya volkano. Wakati huo tulikaa katikati ya mji, na yeye aliendesha gari la tajiri mmoja. Moto uliposhuka kutoka mlimani na kuingia mitaani, alikuja kutuchukua, mimi na watoto, tukashika njia ya Sake pamoja na mji mzima. Klakso, ile honi, ilikuwa imekufa. Watu walijaa barabarani na magodoro kichwani, woga umewaziba masikio, na gari letu likatambaa nyuma yao bila hata mtu mmoja kugeuka. Alitoa kichwa dirishani akaomba njia, "Pardo, pardo." Kwa ile sauti yake. Nilimpiga bega nikamwambia apaze sauti kama mwanaume, akajaribu, akashindwa, na nyuma yetu anga lilikuwa jekundu mchana kweupe. Tulifika salama, lakini nyumba yetu ilibaki chini ya mawe.

"Siku ingine batanisikia," aliniambia. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka.

Tulihamia Ndosho, tukajenga uzio kwa mawe meusi ya volkano kama kila mtu, yaliyopangwa moja juu ya lingine bila simenti. Baadaye akanunua pikapu yake mwenyewe, kuukuu, yenye ugonjwa mmoja. Vitesi ya kwanza, yaani gia, iliingia vizuri, na ya tatu pia, lakini ya pili ilikataa. Ilibidi ukanyage ambriyaje, yaani klachi, uachie, ungoje kidogo, ukanyage tena, ndipo uivute kuelekea gotini. Ukikosea ililia kama mbuzi aliyekamatwa mguu. Fundi aliyeijaribu aliifanya ilie, na shemeji yangu pia, ambaye amekula miaka kwenye makamio, malori makubwa. Mume wangu peke yake ndiye aliyeelewana nayo.

Nilimwambia aitengeneze hiyo vitesi. Akasema sawa, akaenda garaji. Mchana nilimfuata na chakula, nikakuta fundi amelala chini ya pikapu, na pembeni yake kuna kitu kama chupa nene ya chuma, kimekatwa pande zote mbili. Ilikuwa silansie, ile inayomeza sauti ya injini kabla haijatoka nje. Mahali pake fundi alikuwa anachomelea tiyo, bomba nyoofu la pampu ya maji, na mdomo wa tiyo ameupanua kwa nyundo mpaka ukawa kama tarumbeta. Mume wangu alisimama hapo na mikono nyuma kama mtu aliyekuja kuangalia mtoto wake akibatizwa.

Walipowasha, sauti ilinipita tumboni. Mama mmoja aliyeuza sambaza ng'ambo ya barabara alifunika beseni lake la samaki, sijui alidhani kelele ni vumbi.

"Na vitesi ya pili?" nikamuuliza.

"Sasa hautaisikia tena," akasema, na akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki hiyo nilimwadhibu, akala sombe, yaani kisamvu, bila mafuta.

Alidanganya, maana niliisikia. Pale kwenye kona yetu barabara inapanda, na ilibidi ashuke mpaka ya pili. Kelele ilikatika kidogo, pumzi moja tu, halafu ikashika tena. Ule ukimya ulikuwa mguu wake ukingoja. Nikiusikia niliweka maji ya ugali motoni, na yalipochemka alikuwa anavua viatu mlangoni.

Nikubali pia kwamba kelele ilitulisha. Alifanya njia ya Rumangabo, akapeleka sabuni na chumvi, akarudisha maharagwe, viazi na shu, yaani kabichi. Kina mama wa Kibati, kijiji cha njiani, walimsikia angali mbali sana, wakatoa magunia yao kando ya barabara, na alipofika walikuwa tayari. Wenzake walipiga klakso na kungoja. Yeye hakungoja mtu.

Aliyemchukia kwa hilo ni mama jirani yetu. Alikuwa mjane, Mkatoliki wa upande wa Bukavu, aliyefanya kazi ya sekretari miaka mingi, na Kifaransa chake kilikuwa kama shati lililopigwa pasi. Kila jioni alisali rozari kwenye baraza, na kila jioni mume wangu alimkatiza katikati ya fumbo. Alikuja kwetu, akakataa kiti, akasema amesimama ili asikae na watu wasio na heshima. Mume wangu aliinamisha kichwa, "Pardo, Mama," kwa sauti yake ya chini, naye akamjibu, "Si wewe naongea naye. Wewe uko mutoto muzuri. Naongea na ile gari." Walipendana kwa namna hiyo, kwa kugombana.

Halafu vita vikaja. Sisi wa Goma tukisema vita vimekuja hatuulizi ni vipi, tunauliza barabara gani imefungwa. Safari hiyo zilifungwa zote. Wenye bunduki walioondoka walichukua magari, na wenye bunduki walioingia walichukua yaliyobaki, pamoja na dereva. Gari bila dereva ni mzigo tu. Madereva wengine walirudi kwa miguu, wamekonda, hawataki kuulizwa. Wengine hatujawaona hadi leo.

Basi tukaificha. Pikapu tuliisukuma nyuma ya nyumba, karibu na jiko, tukaifunika sheti, lile turubai la plastiki, na magunia ya makaa, betri tukaingiza chumbani chini ya kitanda. Kisha tukang'oa mlango wa bati wa lupango, kiwanja chetu, na kuziba pengo karibu lote kwa mawe. Anayepita nje aliona uzio mrefu mweusi na upenyo mdogo wa mtu mmoja. Vidole vyangu vilitoka damu, lakini nililala vizuri siku hiyo. Nilifikiri nimemfungia mume wangu uhai ndani.

Sikujua kumfunga mtu kuna uzito gani. Hakutoka. Alizunguka uani, jikoni mpaka choo, choo mpaka jikoni. Nje hakukuwa na gari hata moja, mji mzima ulikuwa umekaa kimya, mpaka mtu wa mtaa wa pili akikohoa unamsikia. Watoto walinong'ona. Mimi nilinong'ona. Yeye ambaye siku zote alinong'ona sasa hakusema kabisa. Mchana aliingia chini ya sheti, akakaa kwenye usukani, na nikiwa naosha vyombo nilisikia kidude kidogo kikigonga, tak, halafu kimya, halafu tak. Alikuwa anabadilisha vitesi kwenye gari isiyo na moto. Niliichukia ile sauti kuliko mizinga. Nilitaka kupiga yowe na hakukuwa na mahali pa kulipigia.

"Niko kama kuku chini ya kitunga," aliniambia siku moja.

"Kuku wa chini ya kitunga hachukuliwi na mwewe," nikamjibu. Alinitazama kama vile sikuelewa kitu, na kweli sikutaka kuelewa.

Siku moja asubuhi wenye bunduki walifika. Mtu fulani alikuwa amewaambia kwamba mtaa huu una gari linalopiga kelele kuliko yote. Walisimama kwa mama jirani, hatua chache kutoka kwenye ukuta wetu wa mawe, na sisi tulikuwa tumechuchumaa nyuma yake, mimi nimemziba mtoto mdogo mdomo. Wakamuuliza gari la kelele liko wapi.

"Ile kelele?" akasema mama jirani, na niliijua ile hasira, sikuhitaji kumwona uso. "Ilienda, Mungu asifiwe. Miaka yote sikupata kumaliza rozari hata moja. Mukiikuta njiani, muichome. Na ule bwana yake mumupige fimbo kwa ajili yangu." Akaendelea hivyo, akawaeleza habari ya mafumbo ya rozari na dirisha lake lililopasuka kwa ile kelele, mpaka wakaanza kucheka. Mmoja akamwita bibi, akamwambia apumzike sasa. Wakaenda zao.

Waliamini kwa sababu hasira yake ilikuwa ya kweli tangu zamani. Mume wangu aliweka paji la uso kwenye mawe akakaa hivyo muda mrefu.

Hazikupita siku nyingi mama jirani akaugua. Tumbo lilikaza kama mbao, akatapika vitu vya kijani, jasho la baridi. Muuguzi mmoja wa mtaani alimgusa, akatuita kando: utumbo umejisokota, asipopasuliwa leo atakufa. Nilikimbia kutafuta chukudu, yale magari ya mbao ya kusukuma. Wenyewe walikuwa wamekimbia nayo kuelekea Sake. Motari, wale wa pikipiki, hakuna. Wanaume wa kumbeba kwenye blanketi walikuwa chini ya vitanda vyao, na siwalaumu, wangu nilimficha mimi mwenyewe.

Niliporudi nilikuta betri haiko chini ya kitanda.

"Hapana," nikasema.

"Hii mama atakufa."

"Alikusemea uongo ili uishi! Sasa unataka kuutupa?"

Alifunga nyaya za betri bila kuniangalia. Alisokota nguo kuukuu akaziba mdomo wa tiyo ili sauti isitoke. Injini ilikohoa ikazima. Akaitoa ile nguo. "Nitapita chini, njia ya ndani," akasema. "Kwenda na kurudi." Nilimwona usoni kwamba hakuwa na huzuni. Alikuwa na uso wa siku ile ya garaji. Mpaka leo sijui kama alitoka kwa ajili ya mama jirani au kwa sababu hakuweza tena kukaa chini ya kitunga, na namkasirikia kwa yote mawili.

Nilibomoa ukuta pamoja naye. Nilitupa mawe huku nikimtukana, ukoo wake na fundi wake. Tulimlaza mama jirani nyuma juu ya godoro letu, muuguzi akapanda kumshikilia, na yule mama, pamoja na maumivu yote, akamwambia mume wangu, "Pole pole, mutoto." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia mtu akimwambia. Mimi nilikuwa nimenuna.

Akawasha. Baada ya ukimya wa siku zote zile, ilikuwa kama mtu ametukana kanisani. Nilisimama kwenye pengo na kumfuata kwa masikio: kona, ya pili, pumzi moja, ikashika. Akashuka kuelekea mjini. Nilimsikia mpaka hospitali, akazima. Nikaanza kupumua. Nikaweka maji motoni, mjinga mimi.

Kisha ikawaka tena, ikawa inarudi. Ilikaribia, ikakaribia, nikaenda kusimama pengoni. Kabla ya kona ikasimama. Injini haikuzimwa, ilinguruma tu mahali pamoja, muda wa kutosha mtu kushushwa na kuulizwa maswali. Halafu ikapandishwa kwa nguvu, si kwa mguu wake, nikasikia mbuzi akilia. Vitesi ya pili. Akalia tena. Mtu mwingine alikuwa kwenye usukani, nikakaa juu ya mawe. Kama mwingine anaendesha, mume wangu yuko wapi? Mbuzi akalia mara ya tatu, injini ikafa.

Kimya. Nilisubiri mlio wa bunduki. Nausubiri hata sasa ninapoandika.

Ikawaka. Ya kwanza. Halafu ile pumzi moja, ule mguu unaongoja, na ya pili ikaingia laini kama kisu kwenye parachichi. Walikuwa wamemrudisha kwenye usukani. Nilicheka, nililia, sikujua nifanye lipi, alikuwa hai, na gari likageuka likaanza kwenda. Lilizunguka mjini, likapanda upande wa uwanja wa ndege, na kwa kuwa mji ulikuwa kimya nililisikia mbali sana, mbali kuliko mke yeyote aliyechukuliwa mumewe. Maji ya ugali yalikauka yote.

Baadaye mama mmoja muuza shu alinipa habari. Kibati walimsikia akija, wakafurahi, wakafikiri njia imefunguliwa. Wakatoa magunia barabarani. Alikuwa kwenye usukani, watu wawili wenye bunduki kando yake, akitazama mbele, na pikapu haikusimama.

Mama jirani alipasuliwa akapona. Alirudi kwa miguu, akishikilia ubavu, akauliza kwanza, "Gari iko wapi?" Nilimfungia mlango. Nilimchukia miezi kadhaa, kwa sababu alikuwepo. Yeye hakuchoka, alikuja kila jioni na rozari yake na, safari hii, kiti chake. Mwishowe nikakaa naye.

Tunakaa pale kwenye pengo, ambalo sijalijenga. Watoto wamekua, wananiambia nihame, Ndosho ina nini. Siwezi. Akirudi atapitia kona hii. Na siku hizi vijana wengi wanakata silansie, kila siku inapita gari au pikipiki inayonguruma, na kila mara mama jirani anashika shanga mahali alipofika, ananyamaza, ananiangalia.

"Njo yeye, bwana yako?"

Nangoja ifike kwenye kona, pale panapopanda.

"Hapana, Mama," namwambia. "Huyu, vitesi ya pili imeingia yenyewe, bila kungoja. Sali tu."