Kupiga Hatua Nikiwa Nimefumba Macho

Pa, pa, pa! Bado nasikia akala zangu za matairi zikigonga sakafu ya kliniki mjini Lodwar. Daktari aliniambia nifumbe macho nipige hatua palepale, aone kama uvimbe wa sikioni umeharibu mizani ya mwili. Nilipofumbua, nilikuwa nimegeukia mlango bila kujua.

“Huyo anarudi nyumbani Kakuma,” mama akasema.

Baada ya upasuaji tulirudia kipimo kile, nikageuka zaidi.

“Wee! Leo amepita Kakuma, yuko Lokichoggio!”

Daktari alicheka, akasema mwili utajifunza upya. Mimi nilimuuliza tu kama nitaruka edonga, ngoma yetu, kwenye harusi ya dada.

“Jaribu polepole.”

Nyumbani, mama na dada walipoenda kuteka maji, niliuelekea mlango wetu, nikafumba macho nikaruka mara moja. Niliyumba, lakini nilipofumbua, bado nilikuwa nautazama mlango uleule.