Nusu Saa Golini

Griffin Munga alikuwa kipa wa mpira wa magongo katika chuo kimoja cha ufundi cha Changamwe kwa karibu mwaka mzima, na katika muda huo wote hakuna aliyewahi kumpigia mpira kwenye mechi. Hii haikuwa sifa yake. Timu alizopangiwa kucheza nazo hazikufika.

Chuo kilimpata kwa njia ya kanisa. Mwalimu Ngala, aliyefundisha hesabu za biashara na kuilea timu ya magongo kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka, alialikwa kwenye harusi ya kanisani huko Mjambere. Alikuwa kwenye foleni ya chakula pale sufuria la pilau lilipoteleza mezani, na kijana mmoja mrefu, bila kuonyesha haraka yoyote, akalidaka likiwa karibu kugusa mchanga. Mwalimu alisahau sahani yake. Hakumuuliza kijana yule kama aliwahi kushika gongo. Alimuuliza jina, na kama alimaliza kidato cha nne, na kabla mwezi haujaisha Munga alikuwa mwanafunzi wa ufundi wa mabomba, halipi karo, ana kitanda katika bweni la wanamichezo lililo karibu na reli, mahali ambapo malori ya kontena hupita yakivitikisa vioo vya dirisha mpaka mtu anayajua kwa milio yao.

Mwalimu Ngala alikuwa mtu wa tahadhari, kwa hivyo alichukua makipa wawili. Wa pili ni Absalom, mtoto wa mpakuaji mizigo bandarini, aliyesomea shule ya bweni kule upande wa magharibi mwa nchi, ambako magongo huchezwa na watu wazima na kuzungumziwa mezani. Absalom alikuja na kofia yake ya kipa na maneno mengi. Alimweleza Munga, siku ya kwanza tu, kwamba kwake yeye goli ni kama chumba cha kulala, angeweza kutembea humo gizani.

Taabu yao ilikuwa hii. Chuo kilitoa nafasi mbili za makipa mwaka wa kwanza, na moja tu mwaka wa pili. Atakayekuwa kipa wa kwanza msimu ukiisha ataendelea kusoma bure. Mwenzake atalipa kama wanafunzi wengine, na katika nyumba ya Munga, kulipa kama wengine ni namna ya kusema rudi nyumbani. Mamake, Kahaso, alishona sare za shule. Cherehani ilikuwa moja, na watoto walikuwa wanne.

Basi wakaanza kushindana, na hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kushindania.

Mipira halisi ya magongo, ile myeupe iliyo migumu kama jiwe, ilibaki mitatu, na Mwalimu aliifungia kabatini kwa ajili ya mechi. Mazoezini walitumia mipira ya tenisi iliyochakaa, ambayo hata ikimpiga mtu kifuani ni kama imempapasa. Kwa mipira ile hakuna kipa aliyefungwa na hakuna aliyeokoa. Mpira ulifika miguuni ukiwa umechoka. Kila mtu alikubali kwamba watu hawa wawili watapimwa kwenye mechi.

Mechi ya kwanza, wageni hawakuja kwa sababu basi lao halikuwa na mafuta. Ya pili, wageni walifika bila magongo, wakidhani wameitwa kandanda, wakanywa soda, wakaondoka. Timu ya tatu ilikwenda matangani kwa mchezaji mwenzao na haikurudi wiki hiyo. Ya nne ilikwama kivukoni. Ya tano ilikuja, lakini Jumapili, siku moja baada ya ile iliyopangwa, uwanja ukiwa na mbuzi peke yao.

Sheria za ligi ile zilisema kwamba wageni wakikosa, wenyeji wasimame uwanjani nusu saa, kila mtu mahali pake, kisha refa apige kipenga na kuwapa ushindi wa bwerere. Na refa alikuwa Bwana Ahmad wa Likoni, mstaafu wa forodha, mwenye kaptula nyeupe iliyopigwa pasi hadi mkunjo wake ukawa kama wembe. Bwana Ahmad hakutaka masihara. Alikagua mpaka kamba za viatu. Hakuruhusu mtu kuketi, wala kushika simu, na kipa ilimbidi avae kila kitu: padi za miguuni, kinga ya kifua, glavu, kofia ya chuma usoni, katika jua la saa nane, kwenye uwanja wa murram, udongo wa changarawe, usio na mti. Wachezaji walipolalamika aliwaambia kwamba mwenzao asipokuja, hilo ni kosa la mwenzao. Wao wakikaa kitako, hilo litakuwa kosa lao.

Hivyo Mwalimu Ngala akawa anawapima makipa wake kwa namna wanavyosimama.

Mtu asiyekuwepo anaweza kucheka. Lakini Mwalimu alihitaji kuchagua, na mchaguzi hutumia alichonacho. Aliwapanga kwa zamu, mechi moja Absalom, nyingine Munga, naye akawa anaketi pembeni chini ya mwavuli, macho kwenye goli. Absalom alisimama kwa kelele. Alipiga padi zake kwa gongo, alitema mate, aliwafokea mabeki wake wasogee, aliinama kama mtu aliyeuona mpira ukianza safari. Munga alisimama tu. Alikuwa na urefu wa kutosha na utulivu wa kutosha, na mara moja, jasho likimwingia machoni, aliegemea mlingoti wa goli.

Baada ya mechi ile Mwalimu aliwakusanya wachezaji, akawasifu kwa ushindi, akamgeukia Munga kwa huzuni ya mtu anayempenda anayemkosoa. Alisema hana ugomvi na mkao wake. Miguu ilikuwa sawa, mikono sawa.

"Ila leo, Munga, ulionekana kama huamini kwamba watakuja."

Na ilikuwa kweli.

Jumamosi jioni alikwenda nyumbani Mjambere na maneno yale. Lavender, dadake anayemfuata, alimpokea mlangoni.

"Leo mmewapiga kina nani?"

"Hawakuja."

"Basi mmecheza vizuri. Wangekuja ingekuwa mambo mengine."

Mamake alimwambia Lavender anyamaze. Kahaso alikuwa amekwisha kusimama kanisani mara mbili kutoa ushuhuda kwamba mwanawe hajafungwa hata bao moja tangu aende chuoni, na mchungaji alikuwa amemwomba Mungu aendelee kulifunga lango lile. Hakuwa amedanganya. Alimpakulia Munga wali, akamtazama akila, kisha akamuuliza kwa sauti ya chini ili wadogo wasisikie.

"Ukiwa pale golini, baba, wawaza nini?"

"Nawaza kama watakuja."

"Na wakija?"

Ndani ya Munga mlikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuipa jina, na sasa mamake alikuwa ameiwekea sahani mezani. Aliitwa kipa. Alikuwa na jezi yenye namba moja mgongoni. Watu wa Mjambere walimsalimia kwa jina hilo dukani. Na hakujua, wala hakukuwa na njia ya kujua, kama alikuwa kipa kweli au mtu mrefu aliyewahi kudaka pilau.

Alianza kufanya mazoezi ya kuamini. Alfajiri, kabla ya darasa, alisimama uani nyuma ya bweni na kuwatazama watu ambao hawapo wakija kutoka upande wa reli. Mwanzoni hakuona kitu. Baadaye aliona mmoja, mfupi, mwenye kasi, anayependa kupitia kushoto, akamchukia kwa dhati. Wiki chache zikapita wakawa watano, na kila mmoja na tabia yake. Absalom alimchungulia dirishani akamwambia, "Buda, unaenda wazimu, na bado mimi ndio nitaanza golini." Lakini hakucheka, na kesho yake naye alikuwa uani, kwenye pembe nyingine, akipambana na wake.

Mechi ya mwisho kabla ya fainali wageni, kama kawaida, hawakuja. Ilikuwa zamu ya Munga. Bwana Ahmad aliangalia saa yake, nusu saa ikaanza, na vumbi la malori likapita juu ya uwanja. Karibu na mwisho Munga alipaza sauti ghafla, sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, "Kai! Kushoto kwako, anakuja!" Na Kai, beki mtulivu, mwanafunzi wa umeme, aligeuka akakimbia, akajirusha chini na gongo lake mbele, akakwaruza goti zima juu ya murram kumzuia mtu ambaye hakuwepo. Alipoinuka damu ilikuwa ikimtiririka, naye alimtazama Munga kwa unyenyekevu akauliza kama yule mtu amepita.

"Umemzuia," Munga akamwambia.

Chini ya mwavuli, Mwalimu Ngala alikuwa amesimama. Alivua miwani yake, akaifuta, akasema mbele ya wote kwamba kipa wa fainali amepatikana. Absalom aliondoka na kofia yake kwapani.

Fainali ilikuwa hapo hapo nyumbani, dhidi ya chuo kimoja kutoka bara. Kahaso alikuja na wanawake wawili wa kwaya, wamevaa nguo za Jumapili, wakaketi kwenye benchi lililoletwa kutoka jikoni. Timu ilipotoka bwenini kwenda kusimama, Mwalimu Ngala alikuja mbio kutoka uwanjani, uso umesawijika kama aliyepokea simu ya msiba.

"Wamekuja," akasema.

Walikuwa wamekuja kweli, tena mapema. Walikuwa watu kumi na sita, na magongo yao, na maji yao, na daktari wao. Walikuwa wakikimbia kuuzunguka uwanja kwa kupasha misuli moto, wakiimba. Vijana wa Changamwe waliwatazama kama watu waliorudi kutoka kuzimu. Mmoja aliuliza kama sheria inaruhusu.

Kipenga kikalia. Munga alingoja kama alivyozoea kungoja, na kwa mara ya kwanza kungoja kukawa na mwisho. Yule mfupi mwenye kasi hakuwepo. Aliyekuja alikuwa mnene, alipitia kulia, na mpira ulitoka kwenye gongo lake kabla Munga hajamaliza kumshangaa. Hakuuona. Aliusikia nyuma yake ukigonga ubao wa goli. Aligeuka. Ulikuwa umetulia pale chini, mweupe, mdogo kuliko alivyodhani. Aliuinua kwa mikono miwili, akausikia uzito wake, akakawia nao hadi Bwana Ahmad akamwomba kwa upole aurudishe.

Mechi iliisha saba bila. Mabeki wake walicheza kwa ujasiri dhidi ya watu wasiowajua, na mara kadhaa Kai alikwenda kumzuia yule wa zamani, asiyekuwepo. Lakini kabla ya bao la tano kulikuwa na shuti moja, la karibu, lenye nia mbaya, na Munga akaenda. Hakuwaza. Mpira ulimpiga pajani, juu kidogo ya padi, ukapaa nje ya uwanja, naye akaanguka chali kwenye murram, maumivu yakimpanda hadi menoni. Wenzake walipomkimbilia walimkuta ndani ya kofia ya chuma akicheka.

Kwenye benchi, Kahaso alikuwa amekasirika kwa heshima.

"Wamwona mtu amesimama hapa," aliwaambia wanakwaya, "nao wapiga pale asipokuwepo. Hiyo ni adabu gani?"

Jumatatu Mwalimu Ngala aliitisha kikao cha timu. Alikuwa hajalala vizuri. Alisema kwamba yeye ni mtu wa hesabu na hataki kumwonea mtu. Makipa ni wawili. Mmoja amefungwa mabao saba. Mwingine, msimu mzima, hajafungwa hata moja.

"Mkiwa na njia nyingine ya kuhesabu, nionyesheni," akasema, na alikuwa anaomba kweli.

Wakafikiri. Kai alinyoosha mkono, akaushusha. Munga mwenyewe aliizungusha hesabu ile kichwani kutoka kila upande, na hakuona pa kuishika. Nafasi ya mwaka wa pili ikaenda kwa Absalom, na wenzake wakampigia makofi ya taratibu.

Jioni Munga alikunja shuka zake. Tayari alikuwa amezungumza na fundi mmoja wa Nyali aliyehitaji mtu wa kumsaidia kubadilisha mabomba ya hoteli. Cheti atakuwa hana, lakini bomba la maji halimwombi mtu cheti. Alimpigia mamake, naye akamwambia arudi mapema kabla wali haujapoa.

Absalom alikuwa ameketi kwenye kitanda cha pili, kofia mapajani. Alingoja mpaka lori likapita na vioo vikatulia.

"Munga. Mimi kule shuleni nilikuwa wa akiba," akasema. "Miaka yote minne. Hakuna siku niliingia."

Munga aliacha kukunja.

"Sasa wale jamaa wakirudi mwaka ujao, manze... ule mpira, ukikuja, uko aje?"

Munga akapandisha mguu wa kaptula. Juu ya paja palikuwa na alama ya mviringo kamili, nyeusi katikati, zambarau pembeni, na kandokando bado nyekundu. Absalom aliinuka, akachuchumaa mbele yake. Alinyoosha kidole, akaibonyeza katikati, polepole.

"Inauma?"

"Sana," Munga akasema, na hakuuondoa mguu, kwa sababu aliona mwenzake bado hajamaliza kutazama.