Mama Amezeeka, Kadi Imekataa

Juzi, kwenye kaunta ya zahanati moja hapa Isiolo, fundi kutoka Nairobi alikuwa ameifungua kompyuta yao ya pekee, ambayo waliletewa ikiwa tayari kuukuu, ili apachike kadi mpya ya kuonyesha picha kwenye skrini. Kadi ikakataa kuingia. Fundi akamwambia karani kwa sauti, bila kuinua kichwa:

"Kadi haina shida, ni mpya. Shida ni huyu mama. Amezeeka, hawezi kadi kama hii."

Mama ni jina ambalo mafundi wameupa ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, ule unaobeba kadi zote. Lakini nyuma yetu tuliokuwa kwenye foleni, bibi mmoja kutoka kijiji cha Ngaremara aliinuka kwenye benchi, akafungua fundo la leso, akaweka kadi yake mpya ya matibabu juu ya kaunta kwa mikono miwili.

"Mpeni mwenye nguvu," akasema. "Mimi narudi nyumbani."

Karani akaruka. "Hapana, nyanya! Anasema mama ya kompyuta!"

Hakuna aliyecheka. Kilichotuinamisha vichwa si kwamba bibi alikosea. Ni kwamba aliamini mara moja, kama mtu aliyezoea kuambiwa hivyo kwenye kaunta.

Fundi akarudi kazini. Tangu hapo alisema "ubao" tu, tena kwa sauti ya chini.