Mkwe Wangu Asiyejua Kukaa

Mwanangu ananing'ang'aniza niandike habari za mumewe, eti ninyi wapanda baiskeli mnataka kumjua anayewaongoza. Nikamwambia, mume wako, andika wewe. Akasema, "Mama, mimi nikiandika nitamtukana." Basi kalamu ikaletwa kwangu mimi niliyeishia darasa la pili, na mafuta ya kukaangia samaki yako motoni. Nitaandika kama ninavyosema. Asiyependa akasome kingine.

Mkwe wangu ni kiguu na njia. Amepaka rangi nyumba za watu, amefunga nyaya za umeme, ameuza vipuri vya baiskeli, na kote aliondoka mwenyewe, hakufukuzwa. Chai anainywa amesimama mlangoni, mkono mmoja kikombe, wa pili unachezea kitasa. Ukimwambia, "Kaa, baba," anajibu, "Nimekaa, mama," na huku anaizunguka meza. Kitu pekee kinachomtuliza ni baiskeli, nayo haitulii.

Ikafika siku mwanangu akachoka. Mjomba wake alikuwa amempatia mumewe kazi kwenye kiwanda cha barafu, kusimama mbele ya mashine moja kutwa nzima, chumba hakina hata dirisha. Akamwambia, "Hiyo safari yako ya kuwatembeza watu kwa baiskeli ijaribu mara ya mwisho. Ikishindikana, Jumatatu unaingia kiwandani." Mume akasema sawa. Lakini mimi nilimtazama usoni. Mtu wa namna ile ukimfungia chumbani hafi, anatoroka. Na akitoroka, mwanangu na wajukuu wangu wanabaki kuitazama barabara.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Watu wa ofisi moja ya mjini, kiongozi wao mhasibu, mama mmoja mnene mcheshi, walitaka kuzunguka pwani kwa baiskeli siku ya Jumamosi. Njia isiwe ya wanamashindano wala ya watoto. Iwe ya wastani, na njiani wapate vya baharini. Mkwe akapanga: waanzie sokoni, wafuate ufuo hadi darajani kwa wauza chaza, wapande kilima cha mnara wa taa, washukie diko, wanaposhushia samaki, wapate pweza wa kuchoma, halafu warudi kwa njia ya mashamba ya chumvi mpaka kibandani kwangu niwakaangie samaki.

Alikuja kunieleza huku anakizunguka kibanda kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Umeijaribu hiyo njia?"

"Nimeizunguka mpaka mbwa wameacha kunibwekea, mama."

"Pweza wa pale dikoni mtamu?"

Akazidi kuzunguka. Hakuwahi kumwonja. Alifika, akauliza anapatikana saa ngapi, akaondoka.

"Na darajani watu wanakaa wapi?"

"Wakae wafanye nini?"

Hapo nikajua tumekwisha. Mtu asiyekaa kawapangia safari watu wanaokuja kukaa.

Kesho yake nikafunga kibanda, nikamwambia afunge mto kwenye keria. "Utanibeba. Wastani ni mimi."

"Mama, watu watasema nimempakia mama mkwe kama gunia la mkaa."

"Waseme. Gunia linanyamaza. Mimi nitasema njia nzima."

Na nilisema. Nilishika kiti chake, siyo kiuno, mkwe ni mkwe. Tulipofika darajani kiuno changu kilikuwa kimeshaanza kulalamika. Kando ya barabara hakuna hata jiwe la kukalia. Nikala chaza nimesimama juani, limau linanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na yeye anapiga kengele ya baiskeli kunihimiza. Kilimani akashuka kusukuma, anahema.

"Na huyo mhasibu," nikamuuliza, "atasukumwa na nani?"

Akainama, akasukuma.

Kule dikoni nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikagoma. Pweza ndiyo kwanza anawekwa kwenye makaa. "Sitoki hapa mpaka nimemla. Na wewe kaa."

"Mama, kule kwenye chumvi upepo ukiinuka..."

"Kaa."

Akakaa. Goti linatetemeka kama cherehani. Akasimama, akakaa tena. Pweza alipoiva akatia kipande mdomoni, akatafuna, akatafuna, maana pweza hataki haraka hata uwe na treni ya kuwahi. Goti likapunguza mwendo. Akageuka kukitazama kilima tulikotoka.

"Mama, watu wakikipanda kile wakiwa wameshiba chaza, watatapika."

"Leo ndiyo unaona?"

"Sikuwahi kukipanda nimekula."

Tuliporudi, nyundo haikulala. Kilima kikatolewa, wapite njia ya chini, ndefu kidogo lakini tambarare. Darajani akaweka mabenchi mawili na turubai la kivuli. Benchi la tatu akaniwekea mimi kibandani.

Jumamosi nikawasha moto mapema. Mchana upepo ukainuka kweli, ukawa unanipulizia majivu usoni. Muda wao wa kufika ukapita. Mwanangu alikuwa pembeni yangu anakatakata vitunguu ambavyo hatukuvihitaji. Kiwanda hakukitaja, nami sikukitaja. Kila kengele ikilia barabarani tunanyanyua vichwa: muuza maziwa. Tena: muuza mikate. Nikaondoa mafuta motoni, nikayarudisha, nikayaondoa.

Kisha tukasikia vicheko. Walikuwa wanakuja polepole, mhasibu mbele, uso mwekundu kwa vumbi. Kumbe walikuwa wamekaa tu dikoni, wakasahau saa. Mhasibu akajitupa kwenye benchi, akavua viatu. "Mama, hapa sinyanyuki." Akala samaki wa kwanza, akaomba wa pili. "Mwezi ujao naleta wenzetu wa tawi la pili. Ila huyu anayetuongoza njia hajakaa tangu asubuhi. Anatuzunguka kama nzi."

Mwanangu akaweka kisu chini. "Ndivyo alivyo, dada. Mzoee tu," akasema, na akacheka mpaka akajifuta macho. Alisema ni vitunguu.

Kazi ya barafu akapewa mtu mwingine. Msidhani mkwe amepona. Jana alikuwa mlangoni na kikombe chake, anataka kupanga njia ya pili, ya upande wa kule nyuma ya mnara.

Basi nimeandika, na bure siandiki. Ukifika kibandani kwangu, kabla hujaagiza, mshike shati bwana huyo, umkalishe kwenye benchi alilolipigilia misumari mwenyewe. Samaki wako simtii kwenye mafuta mpaka nimemwona amekaa.