Usiguse Antena

Miaka ya tisini nilikuwa fundi katika kituo cha kurushia matangazo ya televisheni, juu ya kilima kilichotazama mashamba ya chai ya Kericho. Hatukutengeneza kipindi chochote pale. Tulipokea ishara kutoka Nairobi kupitia milingoti ya njiani, tukaiongeza nguvu, tukaisambaza hadi Bomet na vijiji vyake. Bosi wangu alikuwa injinia, mwanamke mrefu kutoka upande wa ziwa, asiyependa kupandisha sauti. Sote tulimwita Madam.

Jumamosi moja alasiri, mechi ya mpira ikiwa imenoga, ishara ilikatika. Radi ilikuwa imepiga mlingoti mmoja huko njiani. Mtambo wetu nao ulikuwa umeundwa hivyo: ukikosa ishara, unajizima wenyewe. Nilipiga simu, nikaambiwa mafundi wameshatoka. Sikuwa na la kufanya ila kungoja. Ishara ilirudi mechi ikiwa imekwisha.

Kesho yake nikitoka kanisani, nilipata habari kwamba kaka yangu mkubwa amelazwa hospitalini. Alikuwa mkulima wa chai kule Kimulot, na televisheni yake ndogo isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari, ndiyo iliyokusanya majirani wote siku za mpira. Picha ilipopotea, alipanda juu ya nyumba kugeuza antena. Mabati yalikuwa yameloa. Aliteleza, akaanguka, akavunjika mfupa wa paja.

Nilipomsimulia Madam, aliweka bisibisi chini.

"Twende tumwone," akasema.

Tulimkuta kaka amelala chali, mguu umening'inizwa. Madam alivuta kiti karibu na kitanda.

"Pole sana, mzee. Kabla upande, uliona nini kwa TV?"

"Mchele tu, mama. Kama mtu amemwaga mchele kwa kioo."

"Na upepo ukigeuza antena, huwa unaona nini?"

"Mchele huo huo."

"Sasa ungejuaje shida iko wapi?"

"Singejua." Kaka alifikiri kidogo. "Lakini kama mtu angeniambia si yangu imeharibika, ningekaa chini."

Wauguzi walitutoa kwa sababu saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha. Njiani kurudi, Madam hakuzungumza habari nyingine. Nilimsikia akiyarudia maneno ya kaka polepole, kama mtu anayeshika agizo.

Wiki hiyo alileta kutoka kwake kompyuta ndogo ya zamani, ya zile zilizochomekwa nyuma ya televisheni, aliyokuwa nayo tangu chuoni. Kompyuta ile iliweza kutoa picha yake yenyewe bila kungoja Nairobi. Kilichokosekana ni kitu cha kuipa zamu. Madam alinieleza kwamba ndani ya ishara ya picha mna mapigo yasiyokoma, kama ya moyo; yakikoma, hakuna picha. Akaunda sakiti ya kuyasikiliza. Mapigo yakikatika, swichi ingehamia kwenye kompyuta. Yakirudi, ingerudi Nairobi. Mtambo usingekuwa tena na sababu ya kujizima.

Jaribio la kwanza lilituaibisha. Ishara ilitikisika kidogo tu na swichi ikaruka, ikamkata msomaji wa habari katikati ya neno. Ikafanya hivyo tena na tena mpaka tukapigiwa simu kutoka mjini. Nilidhani Madam atakiweka kile kifaa kabatini. Yeye alicheka.

"Kina woga," akasema. "Tukifundishe kusubiri."

Akaongeza vipuri vichache, kifaa kikawa kinavuta subira kidogo kabla ya kuamua.

Ikabaki picha yenyewe. Mimi nilipendekeza mistari ya rangi, kama nilivyoona kwenye vituo vikubwa.

"Mistari itamwambia kaka yako nini?" akaniuliza.

Akaandika kwa herufi kubwa: HITILAFU IKO KWETU. USIGUSE ANTENA. SUBIRI. Kwa ajili ya wasiojua kusoma, akachora nyumba yenye antena, na kando yake mtu ameketi kwenye kigoda. Kompyuta ile ilichora kwa vijisanduku, na mtu wake wa kwanza alifanana na gunia la mahindi lenye miguu. Alimrekebisha magoti na mgongo mpaka mtu yeyote angeona kwamba huyu ameketi, na hana haraka.

Kaka alitoka hospitalini akitembelea magongo. Jumapili moja nilikuwa kwake, sebule imejaa majirani, tukitazama kwaya. Kwaya ikapotea. Kioo kikawa cheusi kwa muda mfupi, kisha nyumba na mtu wa kigoda wakatokea. Jirani mmoja alishaanza kuelekea mlangoni.

"Unaenda wapi?" kaka akamwuliza.

"Kugeuza antena."

"Kaa. Wenyewe wamesema ni kwao."

Jirani akatazama kioo, akarudi kuketi. Shemeji akaleta chai, watu wakaendelea na mambo ya ng'ombe na bei ya maziwa mpaka kwaya iliporudi. Mimi sikusikia mengi ya mazungumzo hayo. Nilikuwa namtazama yule mtu wa vijisanduku.

Jumatatu nilimpa Madam habari zote, nikitarajia atafurahi. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Maandishi yalisomeka?"

"Yalisomeka, isipokuwa 'subiri'. Uliliandika jekundu juu ya bluu. TV ya kaka haina rangi, zote zinatoka kijivu."

"Kwa hivyo hawakuambiwa wasubiri."

"Walisubiri, Madam."

"Walisubiri kwa sababu kaka yako alikuwa hapo."

Asubuhi iliyofuata alipanda kilima akiwa amekumbatia televisheni ndogo isiyo na rangi, imefunikwa kwa leso ya kujifunga kiunoni. Aliiweka mezani kando ya ile kubwa ya kituo, akaiwasha, akaanza kuandika upya kwa nyeupe.