Sauti ya Marehemu Kwenye Simu

Hapa Gazi watu huniletea simu zao. Sikusoma zaidi ya darasa la nane, ila nina subira ya kusoma maandishi madogo. Simu ikilowa maji ya bahari wao huitia kwenye mchele. Mimi huwaambia mchele ni wa kupika. Izime, ifute, iache wazi kivulini. Habari za sayansi nazo huniuliza. Nilipowasomea kwamba siku hizi mashine yaweza kuiga sauti ya mtu yeyote, walicheka, nami nikacheka. Nilidhani hayo ni ya marais na matajiri.

Wakati ule shangazi yangu alikuwa akikaa eda, nami nilihamia kwake kumsaidia. Mumewe, aliyekuwa akiotesha miche ya mikoko na kuwatembeza wageni, alianguka kazini asubuhi moja akafa kabla ya kufikishwa hospitali ya Msambweni. Asubuhi hiyo hiyo walikuwa wamegombana. Mume alikuwa ameinamia simu, hamjibu, shangazi akamwambia, "Basi kaa na simu yako, mimi usinisemeshe." Mume akatoka bila kuaga.

Kwetu mume na mke hutakana radhi kabla mmoja hajaondoka duniani. Shangazi hakuwahi. Chakula hakikumpita kooni. "Sijui ameniachia radhi au kinyongo," alikuwa akisema.

Mwanawe wa kiume hufanya kazi hotelini Diani. Ijumaa moja alikuja, akaketi kitandani kando ya mamake.

"Mama, nimekuletea kitu."

"Kama ni halua, mpe mwenzio hapo. Mimi sina hamu."

"Si halua. Sikiliza."

Akabonyeza simu. Sauti ya marehemu ikajaa chumbani, nzito, yenye kukwaruza kidogo mwanzoni kama ya mtu aliyetoka usingizini. Ilisema, "Mke wangu mpenzi, nimekusamehe. Usilie tena."

Nikashika fremu ya mlango. Shangazi alivuta ushungi akajifunika mpaka machoni, kama kwamba mwanamume mgeni ameingia.

"Innalillahi," akanong'ona. "Haya ameyasema lini?"

Binamu yangu alinitazama kwa jicho la kuninyamazisha. Nilikwisha kuelewa. Alikuwa amechukua sauti ambazo babake alizituma kwenye kundi la simu la wapanda mikoko, akailisha mashine. Na shangazi alikuwa anangoja jibu, uso umeanza kulegea kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mimi ambaye hata salamu huitikia chini chini, nilijisikia nikisema, "Shangazi, si yeye. Ni mashine imemwiga."

"Nyamaza wewe, fundi wa mchele!" binamu akafoka.

Shangazi hakumjali. "Irudie."

Akairudia. Safari hii shangazi alisikiliza ameinamisha kichwa, kisha akatoa cheko kavu lililonitisha kuliko ile sauti.

"Mke wangu mpenzi! Babako tangu tumzae dada yako ananiita mama wa fulani. Na Kiswahili hiki cha wageni alinisemesha lini? Mimi na yeye ni Kidigo mpaka kwenye ugomvi."

"Huli, mama. Nilitaka upumzike."

"Unipumzishe kwa kumsingizia maiti? Leo umemfanya anisamehe. Kesho mwingine atamfanya anipe talaka, naye yuko kaburini!"

Binamu akaziba uso kwa mikono. "Hata mimi nilitaka kumsikia," akasema, na mtu mzima yule akalia kwa kwikwi. Shangazi akampapasa kichwani, lakini akamwambia afute. Akafuta tukimwona.

Tangu siku hiyo kila anayeniletea simu namwambia: usiiamini sauti kwa kuwa unaijua. Iulize jambo la nyumbani, tena kwa lugha ya nyumbani.

Kisha shangazi akanituma nikamwite wifi yake, dada wa marehemu, nyumba ya pili. Wifi alikuja mbio na mikono yenye unga, akidhani kuna mgonjwa. Hakupewa hata nafasi ya kuketi.

"Wifi yangu, nilimfokea kaka yako asubuhi aliyokufa. Yeye siwezi tena kumwomba. Nataka radhi kwako."

"Kumbe ndilo linalokukausha hivi?" Wifi alitutazama mmoja mmoja. "Kaka yangu ule ukaidi wake, nani hakumfokea? Mimi nilianza kabla hajabaleghe." Halafu sauti yake ikabadilika. "Kwa kinywa chake siwezi kusema. Kwa changu, nimekusamehe. Lililobaki tumwombee."

Akamshika mikono. Unga ukachafua nguo nyeupe za eda, na hakuna aliyeupangusa.